Maji Ndani ya Mafuta

Maximilla alipofungua kabati la joto asubuhi ile, katika maabara ya samaki pale Kisumu, alikuta chupa tatu zina maji.

Maji yametoka wapi? Alikuwa ametia mafuta ya samaki katika chupa sita. Tatu alizichanganya na unga wa yago, lile tunda refu zito ambalo waganga hulisaga liwe dawa, apime kama litazuia mafuta yasichache. Zisizo na dawa zilikuwa safi. Zenye dawa zilikuwa na maji chini, na mchanga mwembamba wa ziwa.

"Umeosha chupa vibaya," alisema mkubwa wake, Bwana Zadock. "Rudia."

Akarudia. Maji. Mara ya tatu akaziba vizibo kwa nta. Maji vilevile! Ulikuwa mwaka wa 1971, wa kwanza wake kazini, na Zadock alikuwa ameshaandika barua ya kumwachisha kazi. Maximilla akapiga meza ngumi mpaka mizani ikaruka.

Mchana huo chumba kikanuka tope. Ndani ya kabati mtu akakohoa, kikohozi cha aliyemeza maji, akakohoa tena na tena, akivuta pumzi isiyofika, huku mlango ukitetemeka na maji yakichuruzika sakafuni hadi kwenye viatu vya Maximilla, naye hawezi kuinua mguu wala kuita.

Alipoweza, alikimbilia kijiji cha Dunga, kando ya ziwa, kwa Mama Adero, mganga aliyemwahidi yago.

"Siku ile nilipokuja kuchukua yago sikukupata, Mama. Nikachukua lile la kwa mkeka, lililofunikwa shuka."

Adero akashika kichwa. "Nyathina, mwanangu, hiyo haikuwa dawa," alinong'ona. "Hiyo ilikuwa Gordon, kijana wa Dorca. Alizama, mwili haukuonekana. Mtu akipotea ziwani, sisi tunazika yago badala yake. Wiki tatu tunaitafuta! Umesaga maiti ya watu."

Kesho yake walizika chupa zile na unga wote uliobaki. Zadock alikuja shingo upande, uso ameukunja.

"Ni yote?" Adero aliuliza walipomaliza kufukia.

Maximilla akamtazama mkubwa wake. Zadock akainamisha kichwa.

"Nilikuwa natia kijiko cha ule unga kwa uji," alisema. "Sababu ya tumbo."

Dorca, ambaye hakusikia, alipiga magoti kaburini akamwita mwanawe kwa mara ya mwisho.

Na Zadock, Mmaragoli asiyejua hata neno moja la Kijaluo, akafungua kinywa, maji yakammwagikia kifuani, akajibu kwa Kijaluo, kwa sauti ya kijana:

"Niko hapa, Mama."