Majani Mkononi mwa Lemomo

Danieli na mkewe Costancia walihama milima ya Lumuma mwaka 1974. Walikwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa karibu na Kimamba, wakalima mahindi kando ya njia ya ng'ombe iendayo mtoni.

Asubuhi moja walikuta nusu ya shamba imeliwa. Nyayo za ng'ombe zilikuwa kila mahali. Costancia alikaa chini.

"Tutakula nini mwaka huu?"

Wakiwa bado pale, alikuja mfugaji mmoja Mmaasai, jina lake Lemomo. Alikuwa ameshika majani mabichi mkononi.

"Ng'ombe ni wangu," alisema. "Nimekuja."

Danieli aliwaka. "Umemaliza mahindi yangu, sasa unaniletea majani! Mimi ni mbuzi?"

Aliupiga mkono wa Lemomo, majani yakaanguka. Lemomo aliondoka. Siku ileile Danieli aliziba njia ya mtoni kwa miiba.

Ng'ombe walikosa maji. Ndama wakaanza kuanguka. Ndipo Bwana Mifugo, Ulimboka, alipofika kwa Danieli amekasirika.

"Ndugu Danieli, fungua njia! Ndama wanakufa."

"Wafe! Watu hawana dini wale. Wanaharibu, halafu wanatukejeli."

"Ulijuaje kuwa ng'ombe ni wa Lemomo? Mlimwona?"

"Hatukumwona. Alisema mwenyewe."

"Wafugaji wako wengi hapa. Angenyamaza, ungemjua?"

Danieli aligeuka kutazama njia aliyoiziba.

"Nimefanya kazi na Wamaasai muda mrefu," Ulimboka alisema. "Kwao majani ni uhai, maana ndiyo chakula cha ng'ombe. Aliyekosa akija ameshika majani, anaomba amani. Kumfukuza ni vibaya sana. Kwenu Lumuma mkosaji hufanyaje?"

"Huja na kuku," Costancia alijibu.

"Na ukimpiga teke kuku wake?"

"Loo! Aibu gani hiyo!" Akamgeukia mumewe. "Baba Theodory, Jumapili kanisani sauti yako ilizidi za wote: utusamehe makosa yetu, kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea. Ulikuwa unamwambia nani?"

Danieli alichukua panga. Aliondoa miiba yote, kisha akaenda bomani kwa Lemomo.

"Nimekukosea," alisema.

"Nami nilikukosea kwanza," Lemomo alijibu.

Walikubaliana. Lemomo alimpa Danieli ng'ombe wa maziwa kufidia mahindi. Kisha wawili hao wakazungushia shamba uzio wa miiba, na njia ikabaki wazi. Mwaka ule watoto wa Danieli walikula ugali kwa maziwa, na ndama wakapona.

Jumapili moja, nje ya kanisa, jirani yao Donati alicheka. "Danieli, siku hizi rafiki zako ni watu wasio na dini?"

Danieli alimkazia macho.

"Lemomo alikuja kusema kosa lake, ingawa hakuna aliyewaona ng'ombe wake. Mbuzi wako walipokula mihogo ya Stefano, wewe ulimwambia nani?"

Donati alivaa kofia yake, akaenda nyumbani.