Aliyemsimulia Mama Mkwe

Mama mkwe alicheka kabla hajaambiwa kitu. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Bibi yule alikuwa kipofu, na kila jioni alitaka tamthilia yake ya watu wa farasi na bastola, ile ya mji wa jangwani usio na serikali wala mahakama, ambako mwenye risasi ndiye mwenye haki. Lugha hakuijua, picha hakuziona. Kwa hiyo mke wa mwanawe, fundi wa kushona sare za shule, akageuzwa macho yake: mguu kwenye cherehani, mdomo kwa mama mkwe.

"Nani kaingia baa?"

"Bwana Nyota, mama." Ndivyo walivyomwita yule polisi mwenye nyota kifuani.

"Yuko peke yake?"

"Peke yake. Mji mzima majambazi, yeye anakwenda kuwakamata peke yake. Si ujinga huo?"

"Mjinga wewe. Yule ndiye mwanamume. Kavaa nini? Kanuna? Sema basi, au mwanangu alioa bubu?"

Kusimulia kulimchosha fundi, lakini ulimi wa bibi ndio uliomkata maini. Mara mchuzi hauna chumvi, mara nyumba inanuka, mara tumbo lako limekataa kuzaa. Mtu atameza shubiri mpaka lini? Jioni moja, Bwana Nyota akiwa mzima wa afya anapiga mluzi juu ya farasi, fundi akasema, "Wamemuua, mama. Risasi ya mgongo. Mbwa wanamlamba damu."

Alijua bibi anampenda mtu yule kuliko hata mwanawe wa kumzaa. Bibi akaangua kilio cha msiba, na fundi akainamia mshono wake akitabasamu. Ndiyo, alitabasamu, wala mimi simtetei.

Jioni iliyofuata ndipo bibi alipocheka. Fundi akainua kichwa. Kwenye runinga Bwana Nyota alikuwa ameteleza matopeni, kaanguka chali.

"Unacheka nini, mama?"

"Marehemu wako kaanguka. Marehemu gani huyu anayejipangusa suruali?"

Fundi akasimamisha cherehani. "Nani kakwambia?" akanong'ona.

"Mwenye macho ya kweli. Wewe shona, usitusumbue."

Usitusumbue! Yeye na nani? Fundi akanusa jasho la farasi, zito, na ngozi mbichi, madirisha yote yakiwa yamefungwa. Akatazama kochi, na pale pembeni mwa bibi, mahali pasipo na mtu, mto ulikuwa umebonyea kama umekaliwa na mtu mnene, na bibi ameinamisha sikio upande ule akitikisa kichwa, eh, eh, na chini ya milio ya bastola ilisikika sauti nyingine, nzito, ya taratibu, isiyotoka kwenye runinga, ikisimulia kila kitu kwa Kiswahili safi, mpaka ikafika mahali ikasema, "Na mke wa mwanao ametuangalia sasa hivi, sindano imemchoma kidole."

Sindano ilikuwa imemchoma kweli.

Kesho yake uzi ukakataa kuingia tunduni. Keshokutwa hakuona mshono. Ukungu ulikuwa ukimfunga macho kutoka pembeni, na fundi asiyeona ni nani? Cherehani ile ndiyo iliyolisha nyumba, maana mumewe alikuwa dereva asiye na gari. Mume akahangaika, akamleta mganga.

Mganga akaketi sebuleni, akanusa, akasikiliza. Jasho likamtoka.

"Huyu hakuvamia," akasema kwa sauti ya chini. "Amekaribishwa. Nani kamkaribisha?"

"Mimi," bibi akajibu, wala hakuona haya. "Nililia usiku ule, nikasema, yeyote atakayenisimulia kwa haki, ujira wake ni macho ya huyu anayenidanganya. Akaitika."

"Basi mwambie atoke. Neno moja tu, mama, kutoka kinywani mwako, naye atarudisha alichochukua. Lakini sasa hivi. Ukungu ukikutana katikati ya mboni, mimi sina dawa."

Fundi akajitupa miguuni pa mama mkwe. Kwake sebule yote sasa ilikuwa imebaki tundu dogo la mwanga. "Nilikudanganya, mama! Nisamehe! Nipige, nifukuze, lakini macho yangu, mama, macho yangu!"

"Mama, mwambie atoke," mume akasihi. "Tutakula nini?"

Bibi akapapasa, akakipata kichwa cha mkwewe, akamlaza nywele polepole. Tangu fundi aolewe, bibi hakuwahi kumshika hivyo.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Nitamwambia."

Mume akashusha pumzi. Ndipo runinga ikaanza kupiga muziki wa tamthilia, na kwato za farasi zikajaa sebuleni.

"Ila kwanza kipindi kiishe," bibi akasema.

"Mama!" mganga akapiga kelele.

Fundi alikuwa ameigeuzia runinga uso, macho yamemtoka pima, anapapasa hewani akiuliza nani kazima taa. Hakuna aliyekuwa amezima taa. Bibi akamsogeza kando kwa goti, akainamisha sikio upande ule mtupu wa kochi.

"Enhe," akasema. "Kisha?"