Miiba ya Nara

Ruben Dausab, mwongoza watalii, alikutwa chini ya kilima kirefu cha mchanga kusini mwa Walvis Bay, amelala kifudifudi kama aliyepitiwa na usingizi. Ubao wake wa kutelezea ulikuwa ubavuni. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi mchangani. Mawimbi yalisikika bila kuonekana.

Inspekta Selma Nuuyoma alipiga magoti. Kisogo kilikuwa kimepasuka, lakini mchanga chini ya kichwa haukuwa na tone la damu.

"Ameteleza vibaya, afande," alisema Eliphas Animab, binamu wa marehemu na dereva wa gari la pili. "Tulisimama kungoja ukungu upungue. Akasema anapanda kujaribu mteremko kabla ya wageni kufika."

"Ulimwona akishuka?"

"Nani angeona kitu? Hata pua yangu niliitafuta."

Konstebo Haraseb alitabasamu, kisha akaacha alipoona bosi wake hatabasamu.

Inspekta aliugeuza ubao. Nta ya upande wa chini ilikuwa inang'aa, bila mkwaruzo hata mmoja. Ubao huo haukuwa umeteleza popote asubuhi hiyo. Na Ruben hakuumia pale.

Aliliendea gari la marehemu. Lote lilikuwa limegandwa na chumvi na mchanga, isipokuwa ndoano ya nyuma ya kuvutia magari. Hiyo ilikuwa imepanguswa. Kwenye gurudumu akachomoa kijiti cha kijani chenye miiba.

"Haraseb, hii nini?"

"Nara, afande, mmea wa matunda ya jangwani. Bibi yangu angekuchapa ukiikanyaga."

"Inaota huku?"

"Kwenye chumvi hii? Hapana. Iko kule bonde la mto Kuiseb, ukipita njia ya mkato. Kila kichaka kina ukoo wake."

"Na hivyo vya njia ya mkato?"

Konstebo alitazama viatu vyake. "Vya kina Animab."

Eliphas alikuwa ameketi kwenye mteremko. Mchanga uliporomoka taratibu nyuma yake, ukivuma kama mtu anayeimba usingizini. Inspekta akaketi karibu naye.

"Ndoano nani kaipangusa?"

Eliphas alichota mchanga, akauacha umwagike.

"Una haki ya kunyamaza. Utakalosema nitaliandika."

"Andika tu, mama." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mama yangu ana miaka themanini na moja. Wiki iliyopita alikwenda kuvuna nara yake, akakuta Ruben ameisaga kwa magurudumu. Alikuwa akipita pale kila siku ili awahi kupita ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Mama akarudi na kapu tupu. Akaniuliza, 'Kesho niamkie wapi?' Tangu siku hiyo amelala, ameelekea ukutani."

"Ukamwambia Ruben?"

"Leo. Nikamwomba aende akampe pole, basi. Akasema, 'Binamu, vile ni vichaka, vitaota.' Nikamsukuma. Kisogo kikagonga ndoano."

"Akafa hapo hapo?"

Eliphas aligeukia upande wa bahari, ingawa hapakuwa na bahari ya kuona.

"Nilimfunga kichwa kwa koti, nikambeba hadi hapa. Alikuwa anapumua. Akaniita jina langu la utotoni, mara mbili."

"Redio ilikuwa garini."

"Hatua hamsini."

"Kwa nini hukuita msaada?"



"Nilikuwa nangoja aseme pole."