Shamba Lililonyimwa Usingizi

Jirani zangu, tegeni sikio. Haya yalitukia kwenye mlima huu tunaoupanda sote.

Asubuhi moja Balbina Huarachi, mjane, aliketi uani akichagua mbegu za viazi: vyeusi huku, vyekundu kule, vyenye macho mengi katika kikapu chake. Sakitu, umande ulioganda usiku, ilikuwa inayeyuka juu ya mawe, nao lama, wanyama wetu wa mizigo wenye shingo ndefu, walikuwa wakitafuna taratibu. Moyo wake ulikuwa shwari, hadi Teofilo, mwanawe wa pekee, alipomwambia kuwa atapanda viazi tena pale pale alipovuna.

Desturi yetu mnaijua. Mwaka wa viazi, mwaka wa shayiri, mwaka wa maharage, kisha ardhi inalala miaka minne, lama na kondoo wakiitilia mbolea. Lakini Teofilo alikuwa amekaa bondeni kwa wakulima wakubwa, akarudi akihesabu magunia tu.

"Mama, shamba linalolala ni kama shemeji mvivu," alisema. "Linakula nafasi, kazi halifanyi."

"Shemeji anakula chakula chako, baba. Shamba likilala linakupikia."

Teofilo alicheka, akapanda. Kwa mbolea ya dukani alivuna magunia arobaini, na kwenye mkutano wa kijiji watu walimpigia makofi. Balbina hakupiga. Alikuwa ameshuka shambani na jembe la mguu, lile la kukanyagwa, la marehemu mumewe, akachimbua bonge la udongo na kuliangusha kutoka usawa wa goti, kama tulivyofundishwa kupima uhai wa ardhi. Lilisambaratika. Alimwambia mwanawe, naye akamjibu kwamba bonge haliliwi.

Mwaka wa tatu Teofilo alipanda viazi tena. Alivuna magunia kumi na moja, na kila kiazi kilikuwa kimetobolewa na funza. Kabla ya msimu mwingine wa kupanda, funza walikuwa wameshaingia kwa jirani yake, Mzee Casiano, ambaye alipita akisema, "Asante kwa zawadi, Teofilo. Siku nyingine lete kuku."

Ghalani palibaki kikapu kimoja cha mbegu safi, aina kumi na saba alizoachiwa Balbina na mama mkwe wake. Teofilo alikijia, akisema ataongeza mbolea maradufu, mwaka huu lazima shamba litii. Balbina alisimama mlangoni. Alikuwa mfupi, lakini mlango wenyewe ulikuwa mwembamba.

"Hii ikiliwa na funza, tumekwisha. Wanao watapanda nini?"

"Mama, nipishe."

"Chukua jembe la baba yako kwanza. Chimbua kwako, kisha chimbua kule juu kwenye ardhi iliyolala. Ukirudi na moyo huohuo, naapa mbele ya Mungu nitakupisha."

Teofilo alikwenda akinung'unika. Bonge la kwake lilimwagika kama majivu. La kule juu lilianguka zima, limeshikwa na mizizi, nyungunyungu wakichungulia. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akarudi na kuketi kizingitini.

"Nimeliua shamba, Mama?"

"Umelichosha. Inuka, kuna kazi."

Siku ileile alimwomba radhi Casiano, kisha akaungama mbele ya mkutano. Wakaokota na kuchoma kila kiazi kibovu. Kikapu kile wakakipanda kule juu, zamu ya kijiji ya kulima ilipofika huko. Walivuna magunia sita tu, ila safi, na mbegu ikarudi ghalani.

Mwaka wa nne tangu aliache shamba lake lililochoka lilale, Teofilo alimletea mama yake bonge kutoka humo, amelipakata kama mtoto mchanga. Balbina akafanya ishara ya msalaba, akaliangusha. Halikuvunjika.

FUNZO

Mkulima bora hapimwi kwa magunia ya mwaka mmoja. Ukishahesabu ulichotoa ardhini, inama uangalie ulichoacha. Mungu mwenyewe alipumzika. Wewe ni nani uinyime ardhi yake usingizi?