Mkwaruzo kwenye Wimbo wa Saba

Programu ilisema hakuna diski, na diski ilikuwa inazunguka.

Nihal aliweka kiganja juu ya deki ndogo ya CD iliyochomekwa kwenye kompyuta yake hapo dukani, akahisi mtetemo. Akahisi na joto, kama paji la uso la mtu mwenye homa. Akatazama tena kioo. Hakuna diski. Tafadhali weka diski.

"Inaniongopea hii," alisema. "Bi Mwanamize, juzi nimebadilisha mfumo wa kompyuta, nimeweka mpya. Tangu hapo programu ya kuhamisha sauti kutoka kwenye CD imeota kiburi. Nipe muda kidogo."

"Muda ndio sina, mwanangu." Bi Mwanamize alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti cha plastiki, mkoba kaubana kifuani. "Ikisaliwa alasiri tu, Kificho anamchukua Ummkulthum, ampeleke kilingeni kwake Msuka."

Wawi nzima ilimjua Kificho, shemeji yake Bi Mwanamize, mpungaji wa pepo. Ummkulthum, binti wa Bi Mwanamize, ana miaka kumi na saba. Alikataa posa, akalia siku tatu, akagoma kula. Basi watu wazima wenye akili zao wakakaa kitako wakaamua kwamba msichana hawezi kukataa yeye mwenyewe. Lazima kuna jini linakataa kwa niaba yake. Na dawa ya jini kwa Kificho ni bakora. Dawa hiyohiyo alipewa dada yake Ummkulthum, Rahila, miaka tisa nyuma. Siku ya tatu Rahila akafa, na Kificho akasema jini limeondoka naye, na watu wakamshukuru.

Kazi ile ilirekodiwa kwenye CD ili baba wa watoto, aliyekuwa Maskati wakati ule, asikie kwamba mwanawe anatibiwa. Kabla haijapelekwa, Kificho alichukua msumari akaikwaruza ukingoni, kwenye wimbo wa saba, ule wa mwisho. Alisema hapo jini limetajwa jina. Jina la jini, alisema, halitajwi mara tatu bila kutayarishiwa kiti na kufukiziwa ubani. Likitajwa hivihivi linakuja na kujitafutia pake.

Kificho alikuwa mwongo wa mchana kweupe. Ila hilo moja lilikuwa kweli.

"Wazee wa ukoo wamenambia neno langu peke yangu halitoshi," alisema Bi Mwanamize. "Nimezaa, nimezika, na bado halitoshi. Haya, watamsikia Rahila mwenyewe. Wakimsikia, Ummkulthum hatoki kwangu."

Nihal aliifuta programu, akaiweka upya. Hakuna diski. Akabadilisha waya, akauchomeka kwenye tundu jingine. Hakuna diski. Mwishowe akaingia kwenye mipangilio ya mfumo mpya, akakuta kumbe programu imenyimwa ruhusa ya kuigusa deki. Akaipa ruhusa. Mara orodha ikajitokeza, nyimbo saba, na mstari wa kijani ukaanza kutembea.

"Alhamdulillahi," alinong'ona Bi Mwanamize.

Wimbo wa kwanza hadi wa sita ulipita vizuri. Ngoma, dua, sauti za wanaume. Wa saba ukakwama. Zamani programu ikikuta mkwaruzo iliruka ikaendelea, kwa sababu Nihal mwenyewe aliipanga hivyo. Lakini mfumo mpya ulikuwa umeifuta mipangilio yake yote, na sasa chini ya kioo paliandikwa: Kosa la usomaji. Inasoma upya. Jaribio la 2.

Jaribio la 3.

Spika zilikuwa hazijachomekwa. Hata hivyo kitu kilisikika humo ndani ya deki, fyuu, halafu tap, kama fimbo mbichi inapoangukia nyama.

"Umesikia?" Nihal aliuliza.

Bi Mwanamize alikuwa amefunga macho.

Jaribio la 9. Jaribio la 15. Harufu ikaingia dukani, ubani uliochanganyika na nywele zilizoungua. Kioo cha kabati la simu kikapasuka kwa mshazari, kutoka juu hadi chini, na hapakuwa na mtu karibu yake.

"Niizime?"

"Usiizime."

"Bi Mwanamize, kuna kitu humu ndani!"

"Najua kimo. Nilikuwapo kilipokuja. Acha isome, mwanangu, nakuomba kwa Mungu, acha isome."

Mlango ukasukumwa bila hodi. Kificho aliingia akiwa na bakora kwapani, kanzu nyeupe pe, na mkono wake wa kulia umemkamata Ummkulthum kifundo cha mkono. Msichana alikuwa peku. Mdomo wake wa chini umevimba.

"Shemeji," alisema Kificho, "nimepita nyumbani kwako, nimeukuta mlango wazi na sanduku limefunguliwa, nikaambiwa umeelekea huku. CD yangu iko wapi?"

"Si yako," alisema Bi Mwanamize.

"Na weye," akamgeukia Nihal, "kitoto cha Kimanga na mashine zako, unajua nini wewe mambo ya pepo?"

"Sijui kitu, Mzee. Najua kusikiliza tu. Weye hapo ulipopakwaruza ulikuwa hutaki tusikie nini?"

"Jeuri! Ndiyo mambo mnayofundishwa huko chuoni?"

"Chuoni tunafundishwa kuuliza. Jibu basi."

Kificho akatazama kioo cha kompyuta. Jaribio la 62. Nihal aliona damu ikimhama usoni. "Mara sitini?" alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo, kavu. "Limetajwa mara sitini? Ndani ya nyumba isiyo na kiti chake?" Akamwachia Ummkulthum, akaurukia waya wa deki.

Fyuu.

Vidole vyake vinne vilivunjika kwa pamoja, mlio mmoja, kama mtu anayevunja kuni za kuwashia, na kabla hajapata pumzi ya kulia pigo la pili likamshukia mgongoni likaipasua kanzu, na la tatu likapita palepale kwenye nyama iliyofunguka, na bakora yenyewe ilikuwa bado iko kwapani kwake, haijatoka, haijasogea hata kidogo. Akaanguka kifudifudi. Mikono yake ikavutwa ikanyooshwa pande mbili na watu wasioonekana, shavu likabanwa kwenye saruji, na kila namba iliyobadilika kwenye kioo ilikuwa na pigo lake, sabini na moja, sabini na mbili, sabini na tatu, damu ikaruka ikachora mstari kwenye ukuta, kwenye kalenda, kwenye mikono ya Nihal iliyokuwa imegandia kibodi, naye Kificho akawa analia kwa maneno, si kwa makelele, analia kama wanavyolia watoto, "Basi jamani, basi, sina kitu mie, wallahi sina kitu ndani yangu," na Ummkulthum, kwenye kona, akaziba masikio na kuanza kusoma Ayatul Kursiy, akakosea, akarudia mwanzo, akakosea tena palepale.

Kwenye jaribio la 111 kila kitu kikanyamaza.

Sauti imerejeshwa. Faili limehifadhiwa.

Faili likajifungua lenyewe, na duka, spika zake bado hazijachomekwa, likajaa sauti ya msichana.

"Ami, basi. Sina kitu. Naumwa, ami. Mama, mwambie. Mama."

Kisha bakora, na Kificho akiliita jini kwa jina lake. Kisha sauti nyingine, si ya mwanamke wala ya mwanamume, iliyokuwa ikisema polepole, kwa adabu ya mgeni aliyefika nyumba asiyoijua: "Mmeniita siku tatu. Nimekuja. Simo ndani ya huyu. Mnampiga nani?"

Na Kificho wa miaka tisa nyuma, anahema: "Hilo, linasema! Limeshasema! Mwanamize, bana miguu, asiponyoke. Bana vizuri!"

Na sauti ya mwanamke, changa kuliko ilivyo sasa, ya utiifu: "Nimeibana, shemeji."

Hapo faili likaisha.

Nihal alimtazama Bi Mwanamize. Ummkulthum naye aliondoa mikono masikioni, akamtazama. Kificho alikuwa hai bado, anakoroma sakafuni, mikono yake imelala kwa namna ambayo mikono hailali. Ile harufu ilikuwa haijaondoka. Ilikuwa imesimama katikati ya duka, inangoja, na mtu angeweza kuonesha kwa kidole ilipo.

"Mama?" alisema Ummkulthum.

"Nihal, litie faili kwenye flashi," alisema Bi Mwanamize. "Wimbo wote, usipunguze neno."

"Bi Mwanamize, wazee wakisikia pale mwisho—"

"Nimekwambia wote. Nilijua kilichomo kabla sijaja kwako. Wasikie wote, wajue tulivyokuwa wengi tuliomuua."

Nihal alihamisha faili. Flashi ilimponyoka mara mbili. Bi Mwanamize akaichukua, akaitia ndani ya kiganja cha mwanawe, akavifunga vidole vyake kimoja kimoja.

"Nenda na Nihal kwa mama mkubwa wako, Vitongoji. Hapo hapo leo aite wazee wa ukoo, na sheha wa mtaa awepo. Hakuna wa kukupeleka Msuka wala kokote. Umenisikia?"

"Twende sote, mama."

"Mie nina mgeni."

Akawasukuma nje, wote wawili, kwa nguvu ambazo hakuna aliyedhani anazo. Mlango ukafungwa, komeo likaingia. Nje kulikuwa na jua kali na mtu anauza muhogo wa kuchoma upande wa pili wa barabara, anawatazama, haelewi. Ummkulthum aliupiga mlango kwa ngumi mpaka ngozi ikachunika. Nihal akamshika kiuno kumvuta, kisha naye akaacha kuvuta, kwa sababu ndani Bi Mwanamize alikuwa ameanza kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayejibu alichoulizwa:

"Mie ni Mwanamize binti Khatib. Mwanangu wa kwanza alikuwa Rahila. Ndiyo. Miguu niliibana mie."

Wakasikia kiti cha plastiki kikiburutwa, naye akikaa. Wakasikia fyuu.

Hakulia. Mlango ulikuja kuvunjwa baada ya sala ya magharibi, na mpaka wakati huo, waliosimama nje wote wanasema hivyo, hakulia hata mara moja.