Kilichobaki Chini ya Bidoni

— Ulionja?

Mama Élisa alisimama mlangoni mwa chumba cha wagonjwa, mguu mmoja na ndara, mwingine mtupu. Jana mchana alitoka nyumbani mbio, na tangu hapo hakurudi kutafuta ndara ya pili. Nyuma yake, juu ya kitanda cha chuma, mwanawe Ngoy alilala macho wazi bila kumwona mtu. Kifua chake kilikuwa kinapiga kama cha njiwa aliyeshikwa mkononi.

— Minyi nakuuliza weye, Mujinga. Ile bidoni yenye ulimupa mutoto wangu mu njia. Ulionja mbele ya kumupa?

Msichana aliyeitwa Mujinga alizungusha ncha ya kitenge kidoleni, akaifungua, akaizungusha tena.

— Hapana, mama. Balikuwa banapita mbio.

— Basi enda.

Hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa afadhali.

Kule Kamina, kumpa mtu kinywaji bila kukionja mbele yake ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Iwe maji, iwe munkoyo wa mahindi, iwe chai, mwenye kutoa anapiga funda moja kwanza, mwenzake anaona, ndipo anapokea. Ni kusema: kama kuna ubaya humu, uanze na mimi. Lakini kwa mashindano ya baiskeli nani ana nafasi ya kuonja? Mkimbiaji anakuja na vumbi lake, anapokonya bidoni, ile chupa ya plastiki ya kufunga kwa baiskeli, anakunywa, anairudisha kwa kuitupa, amekwisha kwenda.

Tena bidoni haitolewi na mtu yeyote. Inatolewa na bibi ya mkimbiaji. Msichana akisimama pale njia ya Luena inapokata reli, na bidoni ya kijana mkononi, mji mzima unajua hao wawili wamekubaliana, wamebaki wazee tu kukutana. Mwaka ule Mujinga alisimama pale kwa ajili ya Kitwa. Alivaa kitenge cha maua ya njano, kipya, bado kinanuka duka.

Kitwa hakukimbia kwa kujifurahisha. Alilipwa na Bokungu, yule mtu wa mkoa wa Équateur aliyekuja na jeshi, akaacha bunduki, akafungua magazini, duka kubwa karibu na soko. Jina la magazini liliandikwa kwenye mgongo wa jezi nyekundu ya Kitwa, na kila mtoto wa Kamina alitaka jezi nyekundu. Akipita mbele ya ua wa akina Mujinga alipiga kengele ya baiskeli mara mbili. Mama yake Mujinga, Mama Marthe, alijifanya hasikii, ila kila mara alitabasamu kwenye sufuria.

Asubuhi ya mashindano Kitwa alimpa Mujinga vikaratasi viwili vilivyokunjwa, ndani unga mweupe.

— Ni glucose. Kimoja utie mu chai, kile kingine unichungie.

Akatia. Chai ya ndimu, sukari, chumvi kidogo ya kushika misuli, na ule unga. Akatikisa. Kimoja kilichobaki akakifunga kwenye ncha ya kitenge chake cha kazi, nyumbani.

Kitwa alipita wa kwanza. Alikunywa nusu, akamtupia bidoni, hakumtazama hata usoni. Kisha akaja Ngoy, wa timu ya chemin de fer, kampuni ya reli, midomo imepasuka kwa jua. Gari la timu yao lilikuwa limekufa njiani na hakuna aliyemsubiri na maji. Akamwita Mujinga kama dada mkubwa:

— Yaya, maji.

Nani atamnyima mtu maji? Mujinga akampa ile nusu. Ngoy akaimaliza hata tone la mwisho, akamrudishia bidoni kwa kuitupa, akaondoka kwa nguvu ambayo watu hawajapata kuiona. Alikaribia kumshika Kitwa. Halafu, mbele ya soko, akaanguka na baiskeli yake kama gunia, akaanza kutetemeka.

Jioni ile ile Citoyen Tshibangu, sauti ya michezo ya radio, alieleza. Mashindano yote alikuwa ameyafuata ndani ya gari la Bokungu, akila kuku wa Bokungu. Alimsifu Kitwa, mshindi, mpaka pumzi ikamwishia. Mwishoni akashusha sauti:

— Mwanamke wa mshindi ndiye alimpa mpinzani wa bwana yake kinywaji. Mpinzani akaanguka. Kila mtu ajiulize.

Mji ukajiuliza, na haukuhitaji muda mrefu kujijibu. Kesho yake, baada ya kutoka hospitali, Mujinga alipanga mikate yake sokoni kama kawaida. Ikapoa. Ikawa migumu. Mama mmoja aliyekuwa mteja wake tangu zamani alinyoosha mkono, mwenzake akamgusa kiwiko, mkono ukarudi. Vijana wa mikokoteni, waliokuwa wameandika jina la Kitwa kwa chokaa kwenye mbao zao, walipita wakisema kwa sauti ya kusikika kwamba hivi njo bibi ya kweli, anatafutia bwana yake ushindi.

Mama Marthe alimngoja nyumbani na mfuko umefungwa tayari.

— Ngoy akikufa, askari banakuja kukukamata. Panda treni, uende Kabongo kwa tantine yako, mama mudogo.

— Nikikimbia batasema njo minyi.

— Banakwisha kusema, mwanangu.

— Kitwa iko, mama. Atakuja kuwaambia ilikuwa glucose.

Mama Marthe aliufungua mfuko, akatoa nguo moja moja, akazikunja upya, akazirudisha.

Kitwa hakuja. Kengele haikulia. Mujinga alilala akisikiliza njia, na kila baiskeli iliyopita ilimkamua moyo kama mtu anayekamua nguo. Mwishowe akaenda mwenyewe kwenye magazini.

Alimkuta uani, amepiga magoti mbele ya baiskeli, anapaka mnyororo mafuta. Alipaka pale pale palipokwisha kupakwa. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Bukari, ugali wake wa asubuhi, ilikuwa pembeni yake, haikumegwa, nzi wamekwisha kuizoea.

— Unatafuna nini? Mujinga akauliza.

— Sitafune kintu.

Lakini meno yake yalikuwa yanasagana, alisikia.

— Kitwa, mu kile kikaratasi mulikuwa nini?

— Nilikuambia. Glucose.

— Basi twende kwa Mama Élisa, umwambie vile. Bantu banasema minyi nilimuwekea Ngoy sumu.

— Nitasema. Dimanche ipite kwanza, nipewe kombe. Bokungu iko na timu ya Lubumbashi yenye inanitaka. Nikisema sasa, batauliza mambo mingi.

— Mambo gani, kama ni glucose?

Kitwa alifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. Bokungu alikuwa ametokea mlangoni na kijiti cha meno mdomoni. Akamwambia Mujinga kwa upole, kama mtu anayemfukuza kuku wa jirani, kwamba mkimbiaji anahitaji kupumzika. Akaongeza kwamba dimanche, Jumapili ya kombe, kwa heshima ya shughuli, bidoni ya mshindi itatolewa na binti yake, Denise.

Mujinga alimtazama Kitwa.

— Denise?

— Ni ya mbele ya bantu tu, Kitwa akasema, macho kwenye mnyororo. Bantu batasahau.

— Na minyi, batanisahau wapi? Mu gereza?

Mujinga alirudi nyumbani kwa njia ya reli, akitembea juu ya mbao za reli asikutane na mtu. Kitwa alikuwa hali chakula, anasaga meno, kama mtu asiyelala. Na Ngoy, aliyekunywa bidoni ile ile, alilala kule hospitali macho wazi, kifua mbio. Alipofika akavuta kile kitenge cha kazi, akagusa fundo. Kikaratasi cha pili kilikuwa bado mule.

Siku ya dimanche, misa ilipokwisha, watu walijaa kwenye uwanja wa mpira. Lori la Bokungu lilikuwa jukwaa. Vipaza sauti vilifungwa juu ya kibanda cha dereva, na Citoyen Tshibangu alikuwa juu na mikro yake mdomoni, na Denise na bidoni iliyofungwa utepe, na Kitwa ndani ya jezi nyekundu iliyompwaya. Mama Élisa naye alikuwepo. Alikuja kumwona mtu ambaye anapewa kombe wakati mwanawe bado hajaweza kuinuka kitandani.

Mujinga alipita katikati ya watu. Walimpa njia, si kwa heshima. Walikuwa wanakwepa asiwaguse. Alikuwa amevaa kile kitenge cha maua ya njano. Mkononi alishika bidoni, ile ile ya siku ile, imejaa chai ya ndimu.

Alipanda juu ya lori bila kusaidiwa.

— Mushusheni, Bokungu akasema.

Lakini Tshibangu, ambaye pua yake ya kazi ilikuwa imekwisha kunusa habari, alimsogezea mikro badala ya kumwondolea.

— Citoyen, ulisema kila muntu ajiulize, Mujinga akasema, na sauti yake ikatoka kwenye vipaza sauti ikamshtua mwenyewe. Minyi nakuya kujibu. Mama Élisa aliniuliza kama nilionja. Sikuonja. Hiyo njo kosa yangu, na sitaikana. Leo naonja.

Akafungua ncha ya kitenge, alikokuwa amekihamishia kile kikaratasi cha pili, akakitoa.

— Hiki Kitwa alinipa kwa mukono yake, pamoja na kile cha kwanza. Alisema ni glucose. Basi ni glucose.

Akamwaga unga wote ndani ya chai. Akafunga, akatikisa. Uwanja mzima ulisikia chai ikigonga plastiki. Alikuwa hajala tangu jana. Akafungua. Akainua.

Alimtazama Kitwa wakati huo wote. Kitwa alitazama kombe. Alitazama Bokungu. Plastiki ikagusa mdomo wa Mujinga, shingo yake ikarudi nyuma.

Bidoni ikaruka. Kitwa alikuwa ameipiga kwa kiganja, na chai ikawamwagikia wote wawili.

— Usikunywe.

— Juu ya nini nisikunywe? Mujinga akasema, mikro bado ikiwa katikati yao. Ni glucose.

— Haiko glucose.

Akaligeuzia kombe mgongo.

— Ni vidonge, Kitwa akasema. Vile vyenye badereva ba malori banakunywa basilale. Bokungu alileta, minyi nikaviponda. Nilijua. Mujinga hakujua. Unga ulikuwa unashuka chini. Minyi nilikunywa ya juu, Ngoy akapata yenye ilibaki. Na minyi tangu siku ile silale. Moyo unakimbia hata nikikaa.

Uwanja ukagawanyika kwa namna usiyotegemea. Wengine walirusha ndara na maganda ya karanga. Kijana mmoja wa mkokoteni alivua shati, akafuta lile jina la chokaa, akafuta hata mbao ikang'aa. Mzee mmoja alisema kwa hasira kwamba kwani wengine wanakimbia kwa maombi, kila mtu anatafuta nguvu mahali, wamrudishie kijana kombe lake. Mwingine akamwuliza kama angekuwa Ngoy ni mwanawe angesema hivyo. Bokungu alikuwa amekwisha kuingia ndani ya kibanda cha dereva na kupandisha kioo.

Mama Élisa aliinama, akaokota bidoni iliyobingirika mpaka miguuni pake. Akaipangusa vumbi, akamnyooshea Mujinga.

— Shuka, mwanangu, akasema. Utaanguka.

Radio ya jioni ile ilieleza yote, vidonge, lori, Bokungu. Jambo moja tu Citoyen Tshibangu alilisahau: kwamba ni yeye aliyewafundisha watu kumshuku yule msichana. Alilikumbuka baadaye, akiomba radhi uani kwa Mama Marthe, kwa sauti ndogo sana na bila mikro. Mama Marthe alimwambia arudie kwa nguvu, majirani wapo nyuma ya ua wanasikiliza. Akarudia.

Ngoy alipona polepole, akaanza kula, akaanza kutania wauguzi. Kitwa alipokonywa jezi na ruhusa ya kukimbia. Akanunua kinga, baiskeli nzito ya mizigo, akawa anapakia samaki wakavu wa Bukama na kuwauza vijijini. Alimtumia Mujinga salamu kwa kila mtu wa treni. Mujinga alizipokea zote, hakurudisha hata moja. Usiku bado aliota ile plastiki ikimgusa mdomo, na Kitwa akitazama kombe.

Mvua zikaja, zikaisha. Adhuhuri moja, Mujinga akipepeta unga, kengele ililia nje ya ua, mara mbili.

Kitwa alisimama pale, amenenepa kidogo, ananuka samaki. Nyuma yake alikuwa Ngoy, akicheka.

— Yaya, Ngoy akasema, anataka kuja kusema na mama yako, anaogopa. Nilimwambia twende, minyi njo nilikunywa, kama nimesamehe nani atabisha?

— Minyi, Mujinga akasema.

Akamgeukia Kitwa.

— Unalala? akamwuliza.

— Nalala.

— Unakula?

— Nakula. Mujinga, ile siku nilitazama kombe kwanza. Najua uliona.

— Niliona.

— Sina neno ya kusema juu ya ile.

Hilo lilimgusa kuliko kama angekuwa na maneno mengi. Mujinga aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na birika la chai ya ndimu na kikombe kimoja. Akamimina. Kama desturi, akakipeleka mdomoni aonje, ndipo ampe mgeni.

Kitwa akamshika mkono, taratibu.

— Hapana. Leo minyi.

Akakichukua. Akapiga funda, akameza, akasubiri mbele ya macho yake, na mbele ya Mama Marthe aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya hasikii. Halafu akampa kwa mikono miwili.

Mujinga alikipokea. Akakitazama. Akakunywa polepole, mpaka chini kabisa, ambako kulikuwa kumebaki sukari tu.