Protini Ndugu Katika Mahindi

"Malori manane yamepakiwa mbegu. Yanatoka baada ya dakika kumi na mbili," Mkuu alisema kwenye kifaa cha sikioni. "Bila ushahidi siyazuii. Wakulima wanasubiri mvua."

"Nimekuelewa."

Jasusi Sindano akaupiga kumbo mlango wa maabara ya mbegu.

Uvundo ukampokea. Trei kwa trei za mahindi ya majaribio: maua yamepukutika, mashina yamegeuka uji mweusi.

Katikati ya uozo huo Mkurugenzi wa maabara alikuwa akila yai la kuchemsha. Kiini kilikuwa kimemgandia kwenye masharubu.

"Karibu, binti yangu. Yai?"

Sindano alimwelekezea bastola yake ya Glock, akamfunga pingu mkono mmoja kwenye mguu wa meza. Huyu ndiye ambaye taifa zima lilimpigia makofi kwa mahindi yanayovumilia ukame!

"Pima utakavyo," Mkurugenzi alisema, akitafuna. "Mbegu yangu mpya na ile ya zamani inayovumilia ukame zina protini za familia moja. Mashine haizitofautishi. Wakulima wakikosa mavuno, watawapigia magoti rafiki zangu wa ng'ambo wawauzie chakula."

"Watakufa njaa watu."

"Wengine, ndiyo."

Akalamba kidole.

Sindano alichukua punje moja kutoka gunia lililobaki la shehena ya malori, akaisaga kwenye maji, akaipima kwa mashine, kisha akampigia simu Shangazi, mtafiti mstaafu aliyeifichua njama ile.

"Shangazi, mashine inasema ni ile ile."

"Protini hizo ni ndugu, mwanangu. Viganja vyao vinafanana, ila kiungo kimoja cha kidole kimebadilishwa. Yule mwema hushika herufi za DNA zinazowasha kinga ya ukame. Huyu hushika herufi nyingine, anawasha kifo cha maua. Usiulize wanafananaje. Uliza wanashika nini!"

Sindano akatoa vikaratasi viwili alivyopewa na Shangazi. Cheupe kilibeba herufi za kinga. Cha njano, herufi za kifo. Kitakachoshikwa na protini kitageuka bluu.

Akadondosha tone la maji ya punje ile kwenye kila kimoja.

Zilibaki dakika nne malori yatoke.

Cheupe kikabaki vilevile.

Cha njano kikaanza kugeuka. Bluu!

Mkurugenzi akaurusha mkono wake huru kukipangusa. Sindano akaudaka hewani. Ulikuwa unateleza kwa mafuta ya yai. Akausokota, Mkurugenzi akaanguka kifudifudi kwenye trei, uso ukazama ndani ya uji mweusi.

Sindano akavipiga picha vikaratasi, akamtumia Mkuu.

"Mkuu?"

"Nimeiona. Geti limefungwa. Madereva wanashusha. Safi sana."

Mkurugenzi aliinua uso, akitema. "Nifungue, binti yangu. Nanuka."

"Mimi nina baba yangu," Sindano alisema. "Na wewe ulinuka kabla hujaanguka."

Alinawa mikono kwa sabuni. Akanawa tena. Mara ya tatu akajisugua hadi viwikoni.

Akavaa miwani ya jua, akawapisha askari mlangoni, akaenda zake bila haraka.